Pengo Kwenye Kiitikio: Wazazi, Watoto na Nyimbo Zenye Matusi

Mpwa wangu alikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimempakia kiti cha nyuma, redio inaimba, naye anaifuatisha. Wimbo ulikuwa toleo lililosafishwa: kila penye tusi sauti ya mwimbaji inakatwa nusu sekunde, mdundo unabaki unatembea peke yake. Mwimbaji alikatwa, mpwa wangu hakukatika. Kila pengo lilipofika alilijaza kwa neno lenyewe, sauti juu, matamshi safi, kisha akaingia ubeti unaofuata. Nikamtazama kwenye kioo. Uso wake ulikuwa wa mtoto anayekariri jedwali la tatu. Nikamuuliza, "Hilo neno maana yake nini?" Akajibu bila kusita, "Ni jina la rafiki yake."

Mle garini mlikuwa na karibu kila kitu kinachofanya mjadala huu usiishe. Neno lilifutwa, likafika. Lilifika, halikueleweka. Aliyeona aibu alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeshika usukani. Na ukinibana nitakiri kwamba nilipokuwa kijana nilikuwa na kaseti moja ambayo niliipunguza sauti kila niliposikia ndala za mama koridoni.

Wazazi tunapolalamika kuhusu nyimbo za siku hizi huwa tunasema mambo manne kwa mkupuo mmoja, kana kwamba ni jambo moja. Maneno ni machafu. Uchezaji ni wa aibu. Waimbaji si watu wa kuigwa. Na zamani haikuwa hivi. La mwisho ndilo jepesi, tulimalize kwanza.

Zamani ilikuwa hivi hivi

Julai 1816 gazeti la The Times la London liliandika kwa hasira kuhusu dansi ngeni iliyochezwa kwenye dhifa ya mtawala mwenyewe. Likasema linaona ni wajibu wake kumwonya kila mzazi asimweke binti yake mahali pa kupata maambukizi hayo. Dansi yenyewe ni waltz, ile ambayo leo huchezwa na maharusi huku wazee wakifuta machozi. Waltz haikuwa na tusi. Haikuhitaji hata neno moja la kuimbwa. Kilichotisha ni mkono wa mwanamume kiunoni mwa mwanamke asiye mkewe, mbele za watu, na muziki ukiutolea ruhusa.

Karne moja na ushee baadaye hofu ilikuwa bado iko kiunoni. Januari 1957, Elvis Presley alipopanda kwa mara ya tatu kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, kamera zilimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Usiku huo huo aliimba na wimbo wa injili. Kamera hazikushuka.

Kwa hiyo anayesema wazee wetu walisikiliza muziki safi amesahau, au hakuambiwa. Lakini sitaki kuishia kwenye jibu hilo la kejeli, maana vijana hulipenda mno: "Kila kizazi kinalalamika, kwa hiyo hakuna tatizo." Hapana. Watu wanaweza kulalamika miaka mia mbili mfululizo na kila safari wakawa wanalalamikia kitu tofauti.

Fumbo

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kwa muda mrefu muziki wa kupendwa uliishi kwa kanuni hiyo. Waimbaji wa blues wa Marekani katika miaka ya 1920 na 1930 waliimba habari za chumbani kwa lugha ya jikoni na karakana: mkate, sukari, kinu cha kahawa, fundi anayejua kazi zote za nyumbani. Fumbo lilikuwa ukuta ndani ya wimbo wenyewe. Mkubwa na mdogo wanasikiliza spika moja. Mkubwa anatabasamu, mdogo anaimba habari za kinu, na hakuna anayelazimika kumweleza mwenzake chochote.

Ukuta huo mara nyingine ulijengwa kwa haraka. Septemba 1955 Little Richard aliingia studio huko New Orleans akiwa na wimbo aliokuwa akiuimba kwenye vilabu, wenye maneno ya nguoni ambayo redio isingeyagusa. Prodyuza aliupenda mdundo, akamwita mtunzi wa mashairi, Dorothy LaBostrie, abadilishe maneno pale pale, muda wa studio ukiwa unayoyoma. Ukawa "Tutti Frutti". Maneno yake mapya hayana maana kubwa, nami nadhani hiyo ndiyo siri yake: tusi limetolewa, lakini joto lake limebaki katika sauti. Wazazi wa wakati huo waliohisi kwamba kuna kitu humo hawakuwa wamekosea. Walikosea mahali pa kukitafuta.

Kosa hilo lilifika kilele miaka michache baadaye. Mwaka 1963 kikundi cha The Kingsmen kilirekodi "Louie Louie", wimbo wa Richard Berry kuhusu baharia anayemsimulia mhudumu wa baa habari za msichana anayemsubiri ng'ambo. Mwimbaji aliimba kwa kumung'unya, maikrofoni ikiwa juu mno, na hakuna aliyeshika neno. Vijana wakaanza kupeana karatasi zenye "maneno halisi", kila karatasi chafu kuliko iliyotangulia. Mzazi mmoja akamwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Robert Kennedy. FBI wakaanza uchunguzi uliochukua zaidi ya miaka miwili. Waliizungusha santuri kwa kasi mbalimbali na mwisho wakahitimisha kwamba maneno hayaeleweki kwa kasi yoyote. Wapenzi wa wimbo huo wana kicheko chao hapa: wanasema karibu na sekunde ya 54 mpiga ngoma anasikika kwa mbali akitoa tusi la kweli, baada ya kukosea na kijiti chake. Wachunguzi walilipita.

Nimekawia hapa kwa sababu kisa hicho kinaonyesha tabia moja ya sikio la mzazi. Likishaingiwa na wasiwasi husikia zaidi ya kilichopo, na papo hapo hukosa kilichopo.

Stika

Kinachoitwa leo tahadhari kwa wazazi, kile kibandiko cha mstatili mweusi na mweupe kwenye kona ya jalada, kilitokana na mama mmoja na binti yake. Tipper Gore, mke wa Seneta Al Gore, alimnunulia bintiye wa miaka 11 albamu ya Prince, "Purple Rain". Nyumbani wakafika kwenye wimbo "Darling Nikki", unaomtaja msichana akijichezea mwili wake ukumbini mwa hoteli. Mama akashtuka. Mwaka 1985 yeye na wake wengine wa vigogo wa Washington wakaanzisha kundi la shinikizo, PMRC, wakatoa orodha ya nyimbo 15 walizoziona mbaya kupita zote, na wakapendekeza kila wimbo upewe herufi kulingana na dhambi yake: ngono na lugha chafu, ukatili, ulevi, uchawi.

Nilipoisoma orodha ile kwa mara ya kwanza nilicheka. "Darling Nikki" imo, sawa. Lakini imo pia "Dress You Up" ya Madonna, ambayo leo mtu akiipiga mbele ya mkwewe hakuna atakayeinua shingo. Kisha nikaacha kucheka, maana niligundua kwamba nyingine zile niliziimba kwa miaka mingi bila kujua zinahusu nini. "She Bop" ya Cyndi Lauper, kwa mfano. Nilidhani ni wimbo wa kuruka ruka tu. Unahusu kujichua.

Septemba 19 mwaka huo kamati ya Seneti iliwasikiliza wazazi na wanamuziki. John Denver, mtu wa nyimbo za milima na mito, alieleza jinsi baadhi ya vituo vya redio vilivyoukwepa wimbo wake "Rocky Mountain High" kwa kudhani neno la mwisho linamaanisha kulewa dawa, wakati yeye alikuwa akiimba furaha ya kuwa mlimani. Dee Snider wa Twisted Sister, nywele timtim na fulana isiyo na mikono, alisema wimbo wake "Under the Blade", ambao Bi Gore alikuwa ameuandika kuwa unahusu kufungwa kamba na kubakwa, ulihusu hofu ya mwenzake kwenye bendi aliyekuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa koo. Sikio lile lile la "Louie Louie".

Haimaanishi kina mama wale walikuwa wapuuzi. Hoja yao ya msingi ilikuwa ya haki kabisa: mzazi akinunua kitu kwa fedha yake ampe mtoto, ana haki ya kujua kilichomo. Ukinunua dawa unasoma kikaratasi. Tatizo lilikuwa namna ya kuandika kikaratasi cha wimbo. Mwezi Novemba kampuni za muziki zilikubali kuweka onyo kwa hiari, na mwaka 1990 zikakubaliana stika moja inayofanana. Mpango ule wa herufi haukupita.

Yaliyofuata hayakupangwa na yeyote. Duka kubwa la Walmart lilikataa kuuza albamu zenye stika, kampuni zikaanza kutoa kila albamu kwa matoleo mawili, na fundi mitambo akapata kazi mpya ya kukata maneno. Kwa upande wa pili, stika ikawa tangazo. Kijana anayetaka kujua albamu ipi itamkera baba yake sasa alikuwa na alama ya kumwongoza. Hilo Waingereza walikuwa wamekwisha kuliona: Januari 1984 BBC iliacha kuupiga wimbo "Relax" wa Frankie Goes to Hollywood, nao mwezi huo huo ukapanda hadi namba moja na kukaa huko wiki tano.

Mwaka 1990 mambo yalikwenda mbali zaidi. Jaji wa shirikisho huko Florida aliitangaza albamu ya kundi la rap la 2 Live Crew kuwa ni uchafu usiolindwa na sheria, na mwenye duka aliyeendelea kuiuza akakamatwa. Mahakama ya rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1992. Albamu ile ni chafu, sitaitetea. Lakini swali la kwa nini wao, na si bendi za roki za wazungu zilizokuwa zikiimba mambo ya aina hiyo hiyo, halikwepeki. Mwanasaikolojia Carrie Fried aliwahi kulipima mwaka 1996. Alichukua mashairi ya wimbo wa zamani wa kundi la The Kingston Trio kuhusu mtu aliyempiga risasi polisi, akawapa watu wasome. Walioambiwa ni rap waliyaona ya hatari na ya kuchukiza kuliko walioambiwa ni country, muziki unaohusishwa na wazungu. Maneno yale yale, nukta kwa nukta. Watafiti wengine walirudia jaribio hilo mwaka 2016 wakapata picha inayofanana. Basi sehemu ya hofu ya mzazi haitoki kwenye wimbo. Inatoka kwa mtu anayemwona akilini mwake akiuimba, na kwa wazo kwamba mwanangu atakuwa kama yule.

Je, wimbo unamfanya mtoto nini?

Mpwa wangu na "rafiki yake mwimbaji" si kituko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti Lorraine Prinsky na Jill Rosenbaum waliwauliza wanafunzi wa California waeleze nyimbo wanazozipenda zinahusu nini. Wengi walieleza juu juu, wengine hawakuweza kueleza kabisa, na wachache tu walitaja ngono au ukatili, hata kwa nyimbo ambazo watu wazima waliziona hazina kingine. Mtoto huanza na mdundo, kisha sauti za maneno, kisha marafiki wanaoupenda wimbo huo. Maana huja mwisho, na mara nyingine haiji.

Ila huja. Na ikija, ni ipi? Utafiti ninaoupa uzito kuliko mwingine ulichapishwa na watafiti wa shirika la utafiti la RAND la Marekani kwenye Pediatrics, jarida la tiba ya watoto, mwaka 2006. Waliwahoji vijana 1,461 wenye miaka 12 hadi 17, wakawarudia mwaka uliofuata na tena miaka mitatu tangu mwanzo. Jambo la maana walilofanya ni kuzigawa nyimbo za ngono mafungu mawili. La kwanza ni zile zinazomdhalilisha mtu: mwanamume hashibi, mwanamke ni chombo cha kutumika na kuachwa. La pili zinazungumzia tendo lile lile bila kumshusha yeyote. Vijana waliosikiliza sana fungu la kwanza walielekea zaidi kuanza ngono mapema katika miaka iliyofuata. Fungu la pili halikuonyesha hivyo.

Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba wimbo ndio uliomsukuma mtoto. Huenda aliyekwisha kuelekea huko ndiye anayeutafuta wimbo wa kumsindikiza. Watafiti walijitahidi kulizingatia hilo, lakini haliondoki kabisa. Hata hivyo, mgawanyo wao umenibadilisha namna ninavyosikiliza, kwa sababu stika haiujui. Stika inahesabu maneno. Chukua wimbo unaomsimanga msichana kwa ubeti mzima, mtu anajisifu alivyomdanganya, akamtumia, akampigia simu dada yake. Futa maneno matatu. Sasa ni toleo safi, linapigwa saa nne asubuhi, na simango lote limebaki mahali pake. Upande wa pili kuna wimbo wa watu wawili wanaopendana, wakaghafilika mahali pamoja kwa furaha wakatumia neno la mtaani. Huo ndio unaopigwa muhuri.

Nikiambiwa nichague mmoja uingie sikioni mwa mtoto wa miaka 13, nauchukua wenye muhuri.

Mlango

Sasa, kuna jambo ambalo kizazi hiki cha wazazi wanalo na waliotangulia hawakuwa nalo, na ndilo linalonifanya nisiseme tu "ni yale yale". Redio ya sebuleni ilikuwa na masikio mengi. Wimbo ulipoingia ulimkuta baba, mama, bibi, kila mtu, na ukungu wa aibu ulioshuka chumbani ulikuwa wenyewe ni somo: mtoto hakujua neno lile ni nini, ila alijua kwamba halisemwi hapa. Mwaka 1979 Sony walitoa Walkman, na sikio la mtoto likaondoka sebuleni. Halijarudi.

Leo wimbo haufiki hata ukiwa mzima. Unafika kipande cha sekunde 15 kwenye TikTok, kiitikio na mtindo wa kucheza, mara mia kwa siku, na mtoto anaujua mwili wa wimbo kabla hajajua jina lake. Mzazi mwenye bidii amekwenda kwenye mipangilio ya Spotify au Apple Music akazuia nyimbo zenye herufi E, alama ya wimbo wenye lugha chafu. Vizuri, afanye. Ila ajue mambo mawili. Herufi ile huwekwa na wenye wimbo, kampuni au msanii mwenyewe, wala si hakimu fulani anayekaa kusikiliza kila kinachopakiwa. Ikisahauliwa, wimbo unapita. Na kile kipande cha sekunde 15 hakipiti kwenye lango hilo hata kidogo.

Labda ndiyo maana kisa cha Cardi B, mwimbaji wa rap wa Marekani, kiliwachekesha watu namna ile. Agosti 2020 yeye na Megan Thee Stallion walitoa "WAP", wimbo usio na fumbo hata la kusingiziwa. Baadaye ikasambaa video: wimbo unapigwa nyumbani kwake, bintiye wa miaka miwili anaingia chumbani, na Cardi B anakimbilia kuuzima. Wakamwandama mtandaoni kwamba ni mnafiki. Yeye akajibu kwamba hafanyi muziki wa watoto. Mimi sikuona unafiki. Niliona mama anayesikia ndala koridoni, ila safari hii zikitoka upande wa pili.

Mimi mwenyewe sikumfokea mpwa wangu siku ile, wala sikumwambia maana yake yote. Nilimwambia kwamba lile si jina la mtu, ni neno la kumdharau mwanamke, na wakubwa wengine hulitumia. Akaniuliza kwa nini basi wimbo ni mzuri. Nikasema mdundo ni mzuri. Akatafakari kidogo, akasema, "Na yeye je, yule mwanamke, ameusikia?" Sikuwa na jibu, taa ikawa kijani.

Ana miaka tisa sasa. Wimbo ule bado hupigwa, na bado anaufuatisha kiti cha nyuma, neno kwa neno. Pengo likifika hunyamaza nusu sekunde, macho kwenye kioo, ananitazama mimi.